Skani Yangu na Akina Mama wa Alhamisi

Kama umeandikiwa skani na unasoma hapa ukiwa umesimama, keti kwanza. Mimi sikuketi. Tangu daktari aliponiambia kuna kitu kwenye figo yangu mpaka siku niliposomewa majibu, sidhani kama niliwahi kukalia kiti kimoja hadi kikapata joto. Nilikuwa mtu wa kuinuka, kuchungulia dirishani, kurudi, kuinuka tena. Mume wangu alisema ninamkumbusha kuku anayetafuta mahali pa kutagia.

Naandika kwa sababu nimechoka kusimulia. Wanawake wanakuja kwangu kupimwa nguo, wanaona ninavyojishika ubavu nikiinama, wanashusha sauti na kuuliza, "Na hiyo skani, inauma?" Hapana, haiumi. Kinachouma ni kuifikia.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Muthara, upande wa Meru. Nashona sare za shule, na msimu ukiwa mbaya narekebisha suruali za wanaume walionenepa. Maumivu yalianza ubavuni kushoto, na kwa miezi kadhaa niliyasingizia cherehani, maana mtu anayekanyaga cherehani kutwa nzima ana haki ya kuumwa popote. Kisha mkojo ukabadilika rangi. Kwanza ulikuwa kama chai ya rangi, nikajiambia nimechoka tu. Halafu asubuhi moja, wakati watu wanasafisha mashamba wakingojea mvua ya mwezi wa kumi, ukatoka mwekundu kabisa. Nilisimama chooni nikiutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Siku hiyo sikumwambia Baba Mwenda, mume wangu. Nilimwambia kesho yake, naye akaacha jembe pale pale akaenda kuvaa viatu.

Kule Makutano, kwenye kliniki moja iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, msichana wa kupiga picha ya tumbo alinipaka yale mafuta baridi huku akinipigia soga. Alitaka kujua kama ninaweza kumshonea nguo ya harusi ya dada yake. Kifaa kilipofika ubavu wa kushoto, maneno yakamwishia. Akakipitisha pale pale tena na tena. Ukitaka kujua kama una shida, usihangaike kutazama kile kioo, hutaelewa kitu. Msikilize anayepiga picha, uone ananyamaza wapi.

Daktari wa hospitali ya Meru niliyetumwa kwake hakuzunguka.

"Mama, kuna uvimbe kwenye figo ya kushoto. Nataka ufanyiwe CT skani, ile ya kuwekwa dawa kwa mshipa. Itatuonyesha kama uvimbe uko ndani ya figo peke yake ama umetoka nje. Kama uko ndani, tunatoa hiyo figo na unaishi na ile ingine."

"Na kama umetoka?"

"Tutaongea tukifika hapo."

"Si tuongee sasa, daktari? Mimi niko hapa."

Alitabasamu kidogo akaendelea kuandika. Baba Mwenda alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili, anaizungusha. Yeye ni mtu wa maneno machache hata siku za furaha, na siku hiyo alinyamaza mpaka nikataka kumtikisa.

Kwa hiyo yote yalibaki kwenye hilo neno moja, ndani au nje. Nilikuwa nalo nikipiga mswaki, nikikata vitambaa, nikihesabu vifungo. Foleni ya skani pale Meru ilikuwa ndefu, wakanitafutia nafasi Embu, ambako zamu yangu ingefika mapema zaidi. Nilifurahi kwa sababu mdogo wangu Karambu ameolewa huko, anaishi mtaa wa Majimbo, na nyumbani kwake naingia bila kupiga hodi.

Sista, muuguzi wa pale Meru, alinisomea maagizo taratibu, na ninayarudia hapa kwa sababu ndiyo yaliyonitesa. Siku ya skani nisile chochote asubuhi. Maji ninywe, tena ninywe mengi, kuanzia siku iliyotangulia, kwa sababu ile dawa inapita kwenye figo na figo zinahitaji maji ili kuisukuma itoke. Nikifika nitapimwa damu kwanza, waone kama figo zangu zinaweza kuistahimili. Na nisivae kitu chochote chenye chuma.

Hilo la chuma ndilo lililoniingia kichwani, bila shaka kwa sababu ya kazi yangu. Nilirudi nyumbani nikafungua kabati na kuona kuwa karibu kila nguo yangu ina zipu, au bizimu, au kulabu. Usiku ule ule, badala ya kulala kama watu, nikachagua kitambaa cha pamba cha samawati na kesho yake nikajishonea gauni la skani. Halikuwa na zipu wala kifungo, kiunoni nikatia kamba ya kitambaa. Baba Mwenda alilitazama akasema, "Limetoka vizuri. Ungeweza kulivaa hata kanisani." Niliona anajitahidi, nikamshukuru.

Na sasa nifike kwa akina mama wa Alhamisi.

Sisi ni kikundi cha wanawake wa kanisa. Tunakutana kila Alhamisi nyumbani kwa Mama Gatwiri, mwenyekiti wetu, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde na moyo mkubwa kuliko hiyo sauti. Mmoja wetu akiwa na jambo zito, tuseme mtoto anafanya mtihani wa mwisho au mume yuko kortini, tunafunga na kuomba. Tunafunga kavu. Hakuna chakula na hakuna hata tone la maji, tangu alfajiri ya Alhamisi mpaka jambo lenyewe lipite. Na mwenye shida ndiye anayetangulia, wengine wanamfuata nyuma. Ndivyo tulivyofanya mwanangu Mwenda alipogongwa na pikipiki, na Mwenda leo anatembea.

Skani yangu iliwekwa Ijumaa. Nilipowaambia, Mama Gatwiri alipiga makofi mara moja. "Alhamisi tunaingia, Ijumaa tukisikia ametoka kwa hiyo mashine, tunakunywa uji. Kavu."

"Lakini hospitali wamesema ninywe maji," nikasema.

Mama Gatwiri aliniangalia kwa upole, na ule upole ndio ulioniponza.

"Wewe kunywa, Mama Mwenda," akasema. "Wewe ni mgonjwa. Sisi tutakaza kwa ajili yako."

Angenikataza, ningebishana naye. Nina mdomo, kila mtu Muthara anaujua. Lakini utabishana vipi na mtu anayekuambia kunywa tu? Nilitazama vile viti. Kulikuwa na Mama Kinya, anayeuza ndizi juani kutwa. Kulikuwa na bibi wa pale karibu na shule, ambaye miguu yake inavimba. Wote hao wangekauka koo kwa ajili ya figo yangu, halafu mimi nikae Majimbo kwenye kochi na jagi la maji? Nilijua maagizo. Niliyasikia vizuri na kuyaelewa. Aibu tu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko kuelewa.

Alhamisi nikasafiri hadi Embu. Karambu alinipokea na glasi ya maji mkononi kabla sijaweka mkoba chini, kwa sababu nilikuwa nimemweleza yote kwa simu. Nilipokea. Akageuka kwenda jikoni, nami nikaimwagia sukuma wiki yake aliyoipanda kwenye gunia mlangoni. Glasi ya pili ilikwenda huko huko, na ya tatu. Ile sukuma ilipata mvua ya peke yake siku hiyo. Jioni Mama Kinya alinipigia simu kuniuliza ninaendeleaje, nikasikia ulimi wake unavyoganda mdomoni. Alikuwa ameuza ndizi juani tangu asubuhi. Nikamwambia niko sawa, ninakaza. Akasema, "Bwana asifiwe, tuko pamoja."

Ijumaa asubuhi nikavaa gauni langu la samawati. Hospitali ilikuwa imejaa tayari, na hapo nitakuambia kitu kuhusu mabenchi ya kungojea. Watu wanatazamana kwa siri, kila mmoja anakisia mwenzake ana nini. Mzee mmoja kutoka huko chini Mbeere, amevaa koti la sufu ingawa kulikuwa na joto, aliniuliza kama nami ni wa kichwa. Nikamwambia ni wa figo. Akasema, "Afadhali, figo ziko mbili." Sijui kwa nini, nilimpenda mzee huyo.

Sikuweza kukaa. Nilikwenda chooni bila kuwa na mkojo. Nilisoma mabango yote ya ukutani, hata ya chanjo za watoto. Ulimi ulikuwa kama kipande cha jinzi.

Sista wa kutoa damu alinifunga mpira mkononi akatafuta mshipa. Akapapasa, akapigapiga, akachoma, hakupata. Akahamia mkono wa pili.

"Mama, mbona wewe ni mkavu hivi? Umekunywa maji?"

"Kidogo," nikasema.

Alipata kwenye kifundo cha mkono, karibu na kidole gumba, na damu ilitoka polepole kama inayolazimishwa. Nikarudi kwenye benchi. Majibu yalipotoka niliitwa ndani na bwana wa skani, mtu mnene mwenye miwani, ameshika karatasi. Nyuma yake, kwa mlango uliokuwa wazi, niliiona mashine yenyewe, duara kubwa jeupe. Ilikuwa karibu kiasi cha kuigusa.

"Mama, leo siwezi kukuwekea dawa. Nguvu za figo zako zimeshuka. Ulikunywa maji jana?"

"Tumefunga," nikasema.

"Mmefunga? Wewe na nani?"

"Na akina mama wa kanisa."

Alivua miwani. "Na hao pia wako na skani?"

Siku nyingine yoyote ningecheka. "Hapana. Wako Muthara."

"Sasa sikiza. Kufunga chakula ni sawa, hiyo ndiyo tulisema. Lakini maji? Hii dawa nikiiweka kwa figo zimekauka hivi, naweza kuharibu ile moja ambayo daktari anataka kukuachia. Siwezi. Rudi Ijumaa ijayo, tupime damu tena."

"Nipe maji ninywe sasa. Nitakunywa ndoo nzima hapa mbele yako."

"Haifanyi kazi hivyo, mama. Pole sana."

Nilimsihi. Nilimwambia nimetoka mbali, nilimwambia kuna kitu ndani yangu hakingoji Ijumaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, na jibu halikubadilika. Nilitoka nje nikasimama kwenye bomba la uani, nikafungulia na kunywa kwa viganja mpaka gauni la skani likalowa kifuani. Nililia pale pale nikinywa. Wiki nzima nyingine ya kutojua, na hakuna aliyeniletea ila mimi na watu wanaonipenda.

Karambu alipojua, hasa alipojua kuhusu sukuma wiki, alinyakua simu yangu. Kabla sijamzuia alikuwa amempata Mama Gatwiri.

"Mama, nyinyi mnataka kuua dada yangu na maombi?" Alisema na mengine ambayo sitayaandika. Mama Gatwiri ni mwanamke wa umri wa mama yetu. Kisha simu ikakatika.

Habari ilifika nyumbani kabla ya jua kuzama. Baba Mwenda alinipigia.

"Mdogo wako ametukana mama wa watu."

"Najua."

"Watu wanasema labda ni Mungu amesimamisha hiyo skani. Labda haikuwa siku yake."

"Baba Mwenda, Mungu hajasimamisha kitu. Ni kiu."

"Mimi nasema tu vile watu wanasema."

"Wewe mwenyewe unasemaje?"

Nikasikia ng'ombe nyuma yake. "Mimi nasema urudi nyumbani ungojee huku."

"Nikirudi huko sitakunywa. Unajua sitakunywa."

Akanitakia usiku mwema kwa sauti ya mtu aliyeumia. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nimemkatalia kurudi nyumbani, na hasira yangu ilikuwa nusu kwake, nusu kwa hiyo figo.

Wiki ile ya Majimbo sikuizoea hata siku moja. Mvua ilianza usiku wa Jumamosi, na niliposikia inavyopiga mabati nilijua huko kwetu kila mtu ataamka na mbegu mkononi, ila mimi. Karambu anapika shule moja ya sekondari na mumewe ni dereva, kwa hiyo kutwa nilibaki na kuta. Nilimshonea mapazia mapya. Nilipinda mashuka ya jirani ambaye sikuwa hata namjua jina. Nilipunguza suruali mbili za shemeji bila kumwuliza, na moja ikawa fupi, akaivaa hivyo hivyo kazini kwa sababu ni mtu mwema.

Nilijipima pia. Fundi hana haja ya mizani. Nilizungusha futi ya kupimia kiunoni nikaona imeingia ndani sana kuliko mwezi uliotangulia, na nyonga nazo vivyo hivyo. Mwanamke mwingine angekuja kwangu na vipimo hivyo, ningemsifu na kumwuliza siri. Niliikunja futi nikaiweka chini ya mto. Usiku ubavu ulikuwa unavuta kama kuna mtu anashona ndani na uzi mfupi. Na nilikunywa maji. Karambu alikuwa akisimama mbele yangu, mikono kiunoni, mpaka glasi ikauke.

Jumanne simu ya Mama Kinya iliingia. Alinong'ona kama mtu anayeiba. Akina mama walikuwa wameamua kufunga tena Alhamisi, na safari hii wangeanza Jumatano, kwa sababu inaonekana ya kwanza haikutosha.

Haikutosha! Nilizunguka meza ya Karambu mpaka kizunguzungu kikanishika. Niliyajua yote mawili, kwamba wananipenda na kwamba wakifunga mimi sitaweza kunywa. Ningeketi pale na glasi na kuwaona wote kwenye vile viti. Huenda wewe ni mtu mgumu kuliko mimi, ungekunywa tu. Mimi najijua.

Nikampigia Mama Gatwiri.

"Mama, ni mimi. Kwanza nisamehee mdogo wangu."

"Huyo nimeshamsamehe. Ana uchungu wa dada yake." Sauti ilikuwa baridi hata hivyo. "Tunaanza kesho. Mara hii tutavunja hiyo kitu."

"Mama, nakuomba msinifungie."

Nikasikia anavuta kiti na kukaa.

"Unakataa maombi, Mama Mwenda?"

"Maombi nataka. Nataka hata kuliko juzi. Ni kiu sitaki. Mkikaa na kiu mimi siwezi kunywa, na nisipokunywa hawataniingiza kwa hiyo mashine, na nisipoingia sitajua kama nitaona Mwenda akioa. Ninaogopa, Mama. Ninaogopa sana."

Sikuwa nimelisema hilo kwa mtu yeyote, hata kwa mume wangu. Nilikuwa nimesema nina hasira, nina haraka, nimechoka. Kwamba naogopa nilikuwa bado sijalisema.

"Sasa unataka tufanye nini?" akauliza. "Tukae tu?"

"Mnywe maji," nikasema. "Mnywe na mimi."

"Tangu lini kunywa maji ikawa ni maombi?" akasema, akakata.

Nililala nikijua nimempoteza. Jumatano ikapita bila neno. Alhamisi asubuhi, nikiwa nimekaa na jagi nikilitazama, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Mama Gatwiri hakuwahi kujua kunong'ona, hata kwenye simu.

"Mama Mwenda, tuko hapa kwangu. Tumeleta kila mtu na kikombe yake. Tumeomba, na tukimaliza kuomba tunakunywa, halafu tunaomba tena. Sasa wewe kunywa, tusikie." Nyuma yake nikasikia vikombe, na mtu akikohoa kwa kumeza vibaya, na kicheko.

Nilikunywa. Siku nzima waliniletea habari. Kufika adhuhuri Mama Kinya aliniambia wamepanga foleni kwenye choo cha Mama Gatwiri, na kwamba mwenyekiti mwenyewe alikatiza maombi katikati ya neno, akatoka mbio akishika leso yake ya kiunoni. Nilicheka mpaka ubavu ukaniuma, na sikujali. Baba Mwenda naye alinipigia jioni. Alisema tu, "Mimi nimekunywa tatu. Kubwa." Nilimsamehe yote.

Ijumaa sista alipata mshipa mara moja, na majibu ya damu yakawa mazuri. Bwana wa miwani aliniuliza, "Akina mama wanasemaje?" Nikamwambia wamekunywa. Akasema niwasalimie.

Gauni langu la samawati halikutumika. Walinipa gauni lao la hospitali, la kufungwa mgongoni, lililoshonwa ovyo, kola imepinda. Nilitoa hereni, nikatoa pete, ambayo siku hizo ilitoka bila sabuni. Niliingizwa sindano ile ya plastiki inayobaki mkononi, nikalazwa kwenye kitanda chembamba, mikono juu ya kichwa. Kitanda kikaingia ndani ya duara. Sauti ya kwenye spika ikaniamuru nivute pumzi nishikilie, kisha nipumue. Hakuna maumivu, nimeshakwambia. Dawa ilipoingia, joto lilinipanda kooni na kuteremka hadi chini, na niliamini kabisa nimejikojolea. Sikuwa nimejikojolea. Kila mtu hudhani hivyo, kwa hiyo usiaibike. Mdomoni ilikuwa ladha ya sarafu. Kisha kitanda kikatoka, nikaambiwa nishuke polepole. Muda wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kushona mfuko mmoja wa shati.

Picha zilitumwa kwa daktari wa Meru, na siku ya kliniki tukaenda pamoja, mimi na Baba Mwenda. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Tulipofika mlangoni pa daktari, alisema yeye atangoja nje, ndani kuna joto. Hakukuwa na joto. Nilimwacha.

Niliingia peke yangu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi nilikaa kwenye kiti na kutulia. Daktari alinigeuzia kioo cha kompyuta.

"Uko ndani," akasema. "Ndani ya figo tu. Haujatoka."

"Rudia."

Akarudia. Nikamwomba arudie tena kwa Kiswahili cha polepole, ingawa alikuwa amesema kwa Kiswahili. Figo ingetolewa kabla ya Krismasi. Nyingine ilikuwa nzima.

Nilimkuta Baba Mwenda kando ya geti, chini ya mwavuli wa mwuza magazeti. Aliniona, na kabla sijafungua mdomo akaanza kuongea. Huyu mtu ambaye humtoi neno alikuwa anaongea kama redio. Kwamba mvua imekuwa nzuri. Kwamba maharagwe yameota yote, shamba lote la chini, na mahindi pia. Kwamba ng'ombe wa jirani alivunja ua. Niliona macho yake hayataki kufika usoni kwangu. Alikuwa ananizuia nisiseme.

"Shamba lote?" nikauliza, ili apumue.

"Lote. Isipokuwa pale juu, karibu na mparachichi. Pale sikupanda."

"Kwa nini? Pale ndipo pana udongo mzuri."

Akatazama barabarani. Wakwe zangu wote wawili wamezikwa pale juu, upande wa mparachichi, na kando yao pana nafasi. Nikaelewa kwa nini mume wangu alipita na mbegu mkononi na kuliacha pande hilo la ardhi vile lilivyo.

Nilimshika mashavu yote mawili, mbele ya watu, kitu ambacho sisi hatukifanyi.

"Uko ndani," nikamwambia. "Haujatoka. Wataitoa figo hiyo, nitakuwa na moja, inatosha."

Alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, palipokuwa na maji, na kulia kwa sauti. Mwuza magazeti alimsogezea mwavuli. Mimi nilikuwa nimesimama juu yake, na ajabu ni kwamba nilikuwa na hasira, hasira safi yenye afya, kwamba kuna mtu amenipimia kaburi nami nikiwa Majimbo nakunywa maji.

"Kesho upande pale," nikasema.

"Maharagwe yamechelewa," akasema, akijifuta na kofia.

"Basi panda kunde."

Akapanda kunde. Nilipotoka hospitalini baada ya upasuaji nilikuwa natembea nimeinama, na mshono bado unanivuta kila nikikohoa. Baba Mwenda alikwenda pale juu akachuma majani ya kwanza, akayapika mwenyewe. Yalikuwa na chumvi nyingi. Niliyala yote, nikaomba mengine.